Hewa Iliyozidi

"Kula," Bi Zamzam alisema. "Kula hapa mbele yangu nikuone."

Naeema akashika kijiko. Hotipoti ilikuwa imerudi kutoka sokoni Katito na wali wake karibu wote, na juu yake kipande cha samaki kilichomegwa mara moja tu kikaachwa. Mle sebuleni walikuwa wanne. Bi Zamzam, mama mkwe wake, alilala kwenye kochi na kitambaa cha maji kipajini. Muhidin, mumewe, alisimama mlangoni akichezea funguo za gari kana kwamba ana safari nyingine. Na Rosa, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, na sasa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Naeema alikula wali uliopoa, kijiko baada ya kijiko. Alipofika katikati alihisi machozi yanapanda, akayameza pamoja na chakula. Kula alikuwa amezoea, lakini hakuwahi kulishwa ushahidi.

"Unaona, Mama," alisema alipomaliza. "Mimi ni mzima."

"Wewe ndiye uliyepika. Utakosa kujua upande upi wa kula?"

Hii ilikuwa mara ya tatu. Bi Zamzam alikuwa mfanyabiashara wa leso, na siku za soko mwanawe alimpeleka Katito au Sondu kwa gari la mama huyo, wagoni nyeupe ya zamani aliyoinunua mama mwenyewe kwa jasho lake. Tangu wiki chache zilizopita, kila siku ya soko alirudi nyumbani Kaloleni akishikwa mkono: kichwa kinapasuka, tumbo linachafuka, miguu haimbebi. Alipopimwa hospitalini hakuonekana na malaria wala taifodi. Kesho yake aliamka mzima, akala chakula kile kile cha Naeema pamoja na wengine, na asiumwe hata ukucha.

Bi Zamzam hakuwa mjinga. Mtu aliyekaa sokoni miaka yote hiyo anajua kujumlisha.

"Nikila na wote siumwi," alisema. "Nikila cha peke yangu, nilichopakuliwa peke yangu, naumwa. Wewe Rosa umesoma. Niambie hiyo ni nini."

"Yawa, Mama, mimi sijui. Labda ni presha."

"Presha inajua siku ya soko?"

Hata Naeema mwenyewe, kama angekuwa mtu mwingine na akaulizwa, angesema mpishi achunguzwe. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alijua hakutia kitu, lakini hakuwa na jibu la kuliweka mahali pa shutuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Zamzam alimalizia, akageukia ukuta.

Muhidin akatoka nje kwenda kulitazama gari. Hakumtetea mkewe wala hakumlaumu. Siku hizo alikuwa anatoka sana kwenda kulitazama gari.

*

Maneno hayana mabawa lakini Kisumu yanajua njia. Naeema alikuwa na kibanda cha chakula karibu na magereji, si mbali na soko la Kibuye, na wateja wake walikuwa mafundi. Aliwauzia chapati, maharagwe na samaki wa kukaanga, na Ijumaa pilau. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, benchi lake lilikuwa na nafasi ya kulala mtu.

Griffins, fundi mmoja mwenye mdomo mwepesi, alipita na mafuta mikononi, akamwita Naeema kwa jina la mwanawe.

"Mama Rayyan, leo uko na nini?"

"Maharagwe na chapati. Kaa."

"Aah, leo niko na haraka." Akacheka, akawatazama wenzake waliosimama kando. "Ama uonje kwanza wewe, halafu sisi tufuate."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya sana, lakini wakaenda kula kwingine. Naeema alifunika sufuria. Alihisi uso unamwaka, na akawaza kwamba kumbe jina la mpishi ni kama yai, halihitaji kuanguka mara mbili.

Mteja mmoja alibaki. Lornah alikuwa fundi wa umeme wa magari, aliyesomea chuo cha ufundi na baadaye akafungua gereji yake mita chache kutoka kibandani. Alikaa, akavuta sahani, akala kwa kelele ili walioondoka wasikie.

"Wewe huogopi?" Naeema aliuliza.

"Mimi nikiogopa chakula, nitakufa na njaa. Ni nini hii watu wanasema?"

Naeema akamweleza yote, hata la kulishwa mbele ya jirani. Lornah alisikiliza bila kumkatiza, akapangusa sahani kwa chapati.

"Pole, nyar Mumias. Hiyo ni mambo ya nyumba, mimi sina spana yake," alisema, akimwita binti wa Mumias kwa Kijaluo. "Lakini bwana yako ananiletea gari saa hii. Anasema inakunywa petroli kama ng'ombe."

Na kweli, kabla sahani haijaoshwa, wagoni nyeupe iliingia uwanjani ikitetemeka. Muhidin alishuka akiwa amekunja uso. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi tangu mwezi uliopita. Griffins alishabadilisha sensa ya oksijeni, akaweka mpya, na taa ikazimika kwa siku mbili halafu ikarudi kama deni.

Hakukuwa na mteja, kwa hiyo Naeema alivuka barabara akaenda kusimama karibu nao. Lornah alichomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya injini, akafungua mlango wa nyuma, akarudisha kichwa.

"Omera, gari yenu inanukia kama harusi!"

"Ni udi," Muhidin alisema. "Mama hufukiza leso zake usiku wa kuamkia soko. Wateja wake wanapenda. Mzigo ukikaa humo, gari lote linanukia."

Lornah akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye skana. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha alifungua plagi moja ya injini, akaiweka kiganjani, na uso wake ukabadilika.

"Griffins! Kuja uone."

Griffins alikuja. Lornah akaonyesha kioo cha skana. "Inasema nini?"

"Hewa imezidi, petroli haitoshi. Ile ile ya juzi. Ndiyo nikabadilisha sensa."

"Na hii?" Akamwonyesha plagi. Ilikuwa nyeusi ti, kama kitako cha sufuria ya kuni.

Griffins alikuna kichwa. "Hiyo ni ya petroli imezidi."

"Sasa moja inasema njaa, nyingine inasema shibe. Nani mwongo?"

"Sensa," Muhidin alidakia. "Hata hiyo mpya ni feki."

"Haiwezi kuwa ya zamani na mpya zote ziseme uongo mmoja," Griffins alisema taratibu. Alikuwa ameanza kuwaza, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

Naeema hakuelewa kitu. Akauliza kwa sauti ndogo sensa yenyewe ni nini, na Muhidin akamtupia jicho la kumwambia arudi kwenye sufuria zake. Lornah hakulijali jicho hilo. Alichukua ile sensa ya zamani kutoka kwenye dashibodi, kitu cha ukubwa wa kidole gumba chenye matundu nchani na nyaya mkiani.

"Ona, Mama Rayyan. Injini inavuta hewa, inapewa petroli, inachoma. Hewa inatakiwa iwe kama mara kumi na nne na kitu ya uzito wa petroli. Hewa ikizidi, inakosa nguvu. Petroli ikizidi, inatoa moshi mbaya. Sasa komputa ya gari itajuaje? Haioni ndani. Ndiyo hii inawekwa kwa ekzosi, bomba ya moshi, inuse moshi inayotoka. Zile aina za kwanza zilikuwa zinajua maneno mawili tu: imezidi, imepungua. Hii inajua imezidi kiasi gani."

"Inajuaje kiasi?"

Lornah alitazama upande wa kibanda. "Wewe ukisonga ugali ikawa majimaji, unajuaje maji yalizidi kiasi gani?"

"Naongeza unga mpaka ushike."

"Ukiongeza konzi mbili?"

"Basi maji yalizidi kwa konzi mbili."

"Umemaliza! Ndani ya hii kuna chumba kidogo sana, udongo mgumu kama wa kikombe, na umeme unaichoma iwe nyekundu kama jiko, juu ikiwa baridi haifanyi kazi. Moshi kidogo inaingia hapo. Upande mmoja unaonja: oksijeni iko, ama imeisha? Upande mwingine ni pampu. Oksijeni ikizidi, pampu inaitoa nje. Ikikosekana, pampu inaivuta irudi ndani. Inatoa, inarudisha, mpaka chumba kishike kama ugali. Na pampu inakula umeme. Komputa inapima tu ule umeme, umetumika kiasi gani na umeenda upande gani. Hiyo ndiyo konzi zako za unga."

Naeema alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kitu kisichopima kosa lenyewe bali kinapima kazi ya kulirekebisha! Aliona ni akili ya jikoni kabisa.

"Sasa inakosea wapi?"

"Haijakosea. Hapo ndipo watu wanapotea." Lornah alimgeukia Muhidin. "Hii kitu hainusi petroli. Inanusa oksijeni peke yake, na haiulizi oksijeni imetoka wapi. Griffins, lete maji ya sabuni."

Wakalipandisha gari kwa jeki mbele, wakaliwekea mawe, wakawasha injini. Griffins aliziba mdomo wa ekzosi kwa gunia lililolowa, na Lornah akaingia chini na chupa ya sabuni. Muhidin alikuwa ameanza kutoka jasho, ingawa mawingu yalikuwa yamefunika ziwa lote na upepo ulikuwa wa baridi.

"Hapa!" Lornah aliita. "Ona povu!"

Kwenye bomba, kabla halijafika kwenye sensa, palikuwa na kovu la weldi, na kandokando ya kovu hilo povu lilifura na kupasuka, likafura tena.

"Moshi hautoki kama maji ya mfereji," Lornah alisema akijitoa chini. "Inatoka kwa kupiga. Puh, puh, puh. Kati ya pigo na pigo, bomba linavuta. Ufa ukiwa mbele ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inaihesabu. Komputa inaambiwa hewa imezidi, inaongeza petroli. Ufa unaingiza tena, inaongeza tena. Injini inashiba mpaka inatapika, na sensa bado inalia njaa."

"Na pigo lenyewe likija?" Naeema aliuliza.

"Aje?"

"Umesema likivuta, hewa inaingia. Likipiga je?"

Lornah alimtazama. Kisha akamtazama Muhidin, akafungua mlango wa nyuma, akatoa zulia la sakafuni. Chini ya miguu ya abiria wa nyuma palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, mahali ambapo kizibo cha mpira kilikuwa kimepotea. Akaweka kiganja juu yake, injini ikiwa bado inanguruma, na moshi wa moto ukampuliza.

"Nani hukaa hapa?" aliuliza.

Bi Zamzam hukaa hapo, mgongo kwenye mzigo wa leso, vioo vimefungwa vumbi lisichafue nguo, kutoka Kaloleni mpaka Katito na kurudi.

"Hata mimi kichwa huniuma," Muhidin alisema kama mtu anayeota. "Lakini mimi hufungua kioo changu. Nikadhani ni jua."

"Ni moshi ile ya jiko la makaa, ile inaua watu wamelala nyumba imefungwa. Haina rangi. Harufu ya petroli ingewashtua, lakini nyinyi mmefukiza udi." Lornah alizima injini. "Na mtu akipata hewa safi anarudi mzima, ndiyo daktari haoni kitu. Mama Rayyan, chakula yako haina makosa."

Griffins aliangalia chini. "Pole, Mama," alisema. "Kesho weka yangu sahani mbili."

Naeema alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Lornah alikuwa bado anamtazama mumewe.

"Hii weldi si ya kampuni. Mtu alikata hii bomba akatoa lile sega la kuchuja moshi, halafu akaunganisha vibaya. Nani alikata?"

"Sijui," Muhidin alisema haraka. "Pengine lilikuja hivyo."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kuliko bomba lile. Lornah hakumbishia. Alisema bomba lazima likatwe na kuchomwa upya, lakini stima za mashine ya kuchomea zilikuwa zimepotea mtaa mzima tangu asubuhi. Walirudishe kesho mchana.

"Na isibebe mtu," aliongeza. "Umenisikia, Bwana Muhidin? Mtu asikae huko nyuma."

*

Waligeuka kuingia Kaloleni vioo vyote vikiwa wazi. Naeema alikuwa anapanga maneno atakayomwambia mama mkwe, na Rosa, na majirani wote, alipoona Muhidin anaegesha gari kabla ya kufika nyumbani.

"Usimwambie," alisema.

"Nisimwambie nini?"

"Habari ya gari. Nipe siku moja tu. Kesho nikirudi kutoka Katito napitia kwa Lornah, linachomwa, yanaisha. Mama hataumwa tena. Akikaa mwezi bila kuumwa atasahau."

"Atasahau kwamba nilimtilia sumu?"

Muhidin alishika usukani kwa mikono miwili. "Naeema, lile sega niliuza mimi. Kuna watu wananunua, wanasema lina madini ndani. Gari ni la Mama. Akijua nimekata kitu chake nikauza, nitakaa wapi?"

"Uliuza kwa sababu gani?"

"Zile sufuria zako," alisema hatimaye. "Na mabati ya kibanda. Wewe ulidhani pesa zilitoka kwa chama changu cha akiba."

Naeema akaangalia nje. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amelila kwa sahani zake mwenyewe, miezi yote hiyo, bila kujua. Alimhurumia Muhidin, na papo hapo akamchukia.

"Kesho usimpeleke," alisema.

"Nisipompeleka ataniuliza kwa nini. Nitafungua vioo. Hewa ikipita hakuna neno."

Walipoingia, Bi Zamzam alikuwa ameketi wima, amepona kabisa, anakunja leso zake karibu na chetezo. Chumba chote kilinukia udi. Rayyan, mjukuu wake wa miaka mitano, alikuwa anamsaidia kwa kumvurugia.

"Mmekuja vizuri," alisema. "Nina neno. Kesho nafunga. Nina siku zangu za Ramadhani nilizokula kwa ugonjwa, sijazilipa. Nitakula daku kwa mkono wangu, chai na tende, basi. Naenda Katito na tumbo tupu, narudi na tumbo tupu." Alimtazama Naeema. "Nikirudi naumwa, nitajua nimekudhulumu, na nitakuomba radhi mbele ya watu. Nikirudi mzima, Muhidin, utampeleka mkeo kwao Mumias. Sitaki kelele. Ataondoka kama alivyokuja, kwa heshima."

"Sawa, Mama," Muhidin alisema. Alisema sawa! Naeema alimtazama asiamini, na Muhidin akainamia kiatu chake.

Ndipo hesabu yote ikamjia Naeema. Muhidin akifungua vioo, mama atarudi mzima, na kila mtu atajua kwamba siku asiyokula cha Naeema haumwi. Gari likishachomwa hapatakuwa tena na cha kuonyesha. Angeweza kusema sasa hivi, na kumfichua mumewe mbele ya mama yake, na pengine asiaminiwe, maana nani asiyejua kwamba mshtakiwa husema lolote? Au angeweza kunyamaza na kungoja. Vioo vikibaki vimefungwa, funga yenyewe ingemtetea kuliko shahidi yeyote.

Hakusema kitu. Alijiambia atasema asubuhi.

*

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha.

Naeema aliisikia juu ya mabati kabla hajafumbua macho, na kitu cha kwanza alichohisi, Mungu amsamehe, kilikuwa nafuu. Kwa mvua ile, nani atafungua vioo na leso ziko nyuma? Kisha akaogopa nafuu yake mwenyewe, akaamka, akajishughulisha. Alisaidia kubeba mzigo. Aliutandikia nailoni. Kila aliporudi ndani alijiambia safari hii nitasema, na kila alipofungua mdomo aliiona barabara ya Mumias.

Mama ameshaumwa mara tatu, alijiambia, na mara zote tatu amepona. Mara moja zaidi, nayo ya mwisho. Jioni yote yatakuwa yamekwisha, bila Muhidin kuaibika, bila yeye kufukuzwa. Ni kichwa tu. Ni kutapika tu.

Bi Zamzam alitoka na mwavuli, akapanda nyuma, akaegemea mzigo wake. Matone yaliingia yakamwangukia magotini.

"Nifungie kioo," alisema.

Muhidin, aliyekuwa ameshaketi mbele, akageuka. "Mama, hewa kidogo..."

"Hewa gani kwenye mvua? Leso zinalowa."

Kioo cha nyuma kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono. Naeema aliingiza mkono wake mlangoni, akazungusha, kioo kikapanda mpaka juu kikashika. Macho yake na ya Muhidin yalikutana juu ya paji la Bi Zamzam. Muhidin ndiye aliyeyaondoa kwanza.

"Safari njema, Mama," Naeema alisema.

"Inshallah."

Akaufunga mlango. Injini ikawaka. Naeema alirudi kibarazani, akajipangusa mvua, akasimama kuwatazama wanavyoondoka. Miguu yake ilikuwa imetulia kabisa.

Gari halikuondoka. Mlango wa nyuma ulifunguka tena, na Bi Zamzam akachungulia.

"Rayyan! Shule si zimefungwa? Njoo twende soko na nyanya. Hapa utabaki ule nini?"

Mtoto alichomoka jikoni kama mshale, miguu mitupu, akapita chini ya mkono wa mama yake. Alipanda, akajibanza katikati ya nyanya yake na mzigo, akacheka. Mlango ukafungwa.

Naeema hakukumbuka baadaye alivyofika. Alijikuta ameshika mlango, ameufungua, anamvuta mtoto kwa mkono mmoja mpaka mtoto analia.

"Hapana! Asipande! Mama, shuka, shuka nawe!"

"Una wazimu?" Bi Zamzam alisema. "Mwache mtoto!"

"Gari lina moshi! Ekzosi imepasuka, moshi unaingia hapo chini ya miguu yako. Ndio unaokuumiza, si chakula. Udi unaficha harufu. Ule ule wa jiko la makaa, Mama, unaua. Lornah ameuona, Griffins ameuona. Muulize mwanao!"

Rosa alikuwa ametoka mlangoni kwake na ufagio mkononi. Bi Zamzam alimgeukia mwanawe.

"Muhidin."

Muhidin alizima injini. Mvua ilisikika kwa ghafla. "Ni kweli, Mama," alisema bila kugeuka. "Nilikata sega nikauza. Nilikuwa nataka... Ni kweli."

Bi Zamzam alishuka polepole, akishikilia mlango. Mwavuli aliuacha ndani. Alisimama kwenye mvua na kumtazama mwanawe muda mrefu, akatikisa kichwa, na Naeema aliyekuwa amembeba Rayyan kifuani alihisi kifua chake kinafunguka. Sasa, alijiambia. Sasa ataniambia.

"La kuvunda halina ubani," Bi Zamzam alisema. "Na mimi nikawa nafukiza." Kisha akamgeukia Naeema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na haikuwahi kuwa ya upole kwa mwezi mzima. "Chakula chako kilikuwa safi. Nilikudhulumu. Rosa, wewe ulikuwepo nilipomwaibisha, basi na hili lisikie: nilimdhulumu."

"Hakuna neno, Mama," Naeema alisema, na machozi yakamtoka.

"Lornah aliliona lini gari?"

"Jana. Jana mchana."

"Jana mchana," Bi Zamzam alirudia. Alifikiri. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni wala hakuyapangusa. "Na jana jioni nilikuambia ninafunga, ukanyamaza. Na leo nimekuambia nifungie kioo, ukanifungia."

Naeema alimhamishia Rayyan bega la pili.

"Ukanitakia safari njema," Bi Zamzam alisema. "Ulingoja mpaka apande mtoto."

Alishika ukingo wa kibaraza, akapanda ngazi moja moja, akaingia ndani. Rosa aliinamisha macho, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Naeema alibaki mvuani na mwanawe shingoni. Alitaka kumkimbilia, amwambie sivyo, kwamba angesema tu, kwamba alikuwa karibu kusema kabla gari halijafika barabarani. Mwezi mzima alikuwa amejitetea bila kuchoka kwa sababu alijua hana hatia. Sasa aliyatafuta maneno yale yale na hayakuja, maana alijua kwamba, kama Rayyan asingepanda, angeliacha gari liende.